Kiti Hiki Kimetoka Wapi? Samani za Nyumbani na Haki ya Msitu



Wapendwa viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, wazazi, vijana mnaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa, na ninyi nyote mliofika:

Mada ya leo ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mzee mmoja wa parokia yetu alinisimamisha baada ya Misa akaniuliza: "Baba Paroko, je, Haki na Amani imeishiwa na mambo, hata sasa tunaitwa kufundishwa juu ya makochi na vitanda?" Nilicheka, lakini swali lake nimelibeba wiki nzima. Jibu langu kwake, na kwenu pia, ni kwamba haki huanzia pale mtu anapoketi, anapokula na anapolala. Kila kiti kilichomo nyumbani mwetu kiliwahi kuwa mti, nao mti huo ulisimama mahali fulani, karibu na watu fulani. Kwa hiyo nataka tujizoeze kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: Kiti hiki kimetoka wapi, na wale walioishi na mti wake wamepata nini?

Nitafuata utaratibu tuliouzoea katika semina zetu, yaani: Tuone, Tupime, Tutende.

I. TUONE

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipohamia katika parokia niliyotumikia kabla ya hii, nilikuta nyumba ya mapadre haina meza ya chakula. Nilikwenda kwenye karakana moja ya kando ya barabara, nikachagua mninga. Ninyi mnaujua mninga: rangi yake inapendeza macho, haupindi ovyo ukishakauka, wadudu hawaushindi kwa urahisi, na seremala huupiga randa kwa raha. Bei ilikuwa nafuu kuliko nilivyotazamia. Sikuuliza kitu. Nililipa, tukaibeba meza, nikaibariki.

Baada ya miezi michache fundi yule alikuja kurekebisha mguu wa meza. Katika mazungumzo akasema bila kuficha: "Baba, ule ulikuwa mzigo wa usiku. Mzigo wa mchana ungekuwa ghali zaidi." Wakati ule sheria zetu hazikuruhusu mazao ya misitu kusafirishwa usiku. Mzigo wa usiku, basi, ulikuwa mzigo usiotaka kuonekana. Nami, mhubiri wa haki, nilikuwa nikiisoma sala ya chakula juu yake mara tatu kwa siku.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumsaidia padri mwenzangu wakati wa Juma Kuu, kusini ya mto Rufiji. Jioni moja nilimpitia mzee mmoja, Mwislamu mcha Mungu, aliyeketi nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivuli."

Tulizungumza juu ya mvua na mihogo, kisha akanionyesha visiki ng'ambo ya njia. "Miti ile niliikuta nilipozaliwa," alisema. "Walikuja watu na lori na msumeno wa mashine. Walitupa fedha ya sukari na chumvi, nasi tukafurahi. Iliondoka kwa siku mbili. Sasa nenda shuleni kwetu ukawaangalie wajukuu zangu. Wanaandika wakiwa wameketi sakafuni."

Ndugu zangu, maneno hayo nimeshindwa kuyasahau. Mahali zinapotoka mbao za meza zetu, mtoto hana dawati.

Jambo hili halikuwa la kijiji kimoja tu. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Daraja hilo ni baraka kubwa: wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara wa Lindi na Mtwara waliokuwa wakikwama kwenye kivuko walipata njia. Lakini njia ile ile ilipitisha pia malori ya magogo. Mwaka 2007 ilitolewa ripoti ya uchunguzi wa biashara ya mbao kusini mwa nchi yetu. Ilikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza mapato ya dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka kwa sababu ya uvunaji usiofuata sheria na ukusanyaji mbovu wa ushuru. Fedha hizo ndizo zahanati ambazo hazikujengwa; ndizo madawati ambayo wajukuu wa mzee yule hawakuyapata.

Tuutazame pia mti wenyewe. Mninga ni mti wa misitu ya miombo. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mche wake huanza maisha kwa taabu: kila kiangazi ukame na moto huua sehemu ya juu, huku mzizi ukiendelea kujijenga chini ya ardhi, na hali hiyo yaweza kurudiwa kwa miaka mingi kabla shina halijasimama. Kufikia unene wa kupasuliwa mbao, mti huo huhitaji yapata miaka 80 hadi 100. Anayekata mninga leo anavuna kazi ya Mungu iliyoanza kabla ya babu yake kuoa. Mvule, mkongo na mpingo nayo haikui upesi. Msumeno humaliza kwa nusu saa kazi ya karne nzima.

II. TUPIME

Je, Neno la Mungu lina la kusema juu ya samani? Linalo. Nabii Amosi, katika sura ya 6, anawakemea matajiri wa Samaria waliojinyosha juu ya vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu, wala hawakuhuzunika kwa maangamizi ya watu wao. Angalieni vizuri: nabii hakusema kwamba kulala kitandani ni dhambi. Kosa lao lilikuwa kustarehe bila kujali starehe ile imemgharimu nani. Nacho Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, kinawakataza Waisraeli kukata miti ya matunda hata wanapouzingira mji wa adui. Ikiwa hata vita vina mpaka mbele ya mti, je, harusi zetu na sebule zetu hazina?

Tukumbuke pia kwamba Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala. Mikono yake ilishika mbao kabla ya kumega mkate. Kwa hiyo kazi ya useremala ni kazi yenye heshima, wala sikuja hapa kuwahukumu mafundi wetu. Vijana wengi wa parokia hii wanakula kwa jasho la randa na msumeno. Fundi hununua mbao anazozimudu ili atengeneze kile ambacho mteja anakitaka kwa bei anayoitaka mteja. Mteja asipouliza, fundi atauliza kwa nini?

Kanisa limesema mambo haya kwa muda mrefu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 1990, aliunganisha amani na Mungu Muumba na amani na viumbe vyote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na kwamba kununua ni tendo la kimaadili. Sokoni nako tunatenda mema au mabaya.

Ninajua pingamizi mbili zitakazotolewa, nami nataka nizijibu kwa heshima.

Ya kwanza ni hii: "Baba, sisi ni maskini. Mbao halali ni ghali. Je, mwataka tukae chini?" Hapana. Ila tujiulize: ule unafuu, nani ameulipia? Mbao ya wizi ni rahisi kwa sababu kijiji hakikulipwa, ushuru haukulipwa, wala hakuna aliyepanda mti mwingine. Tofauti ya bei imelipwa na mtoto aliyeketi sakafuni. Nasi tusijidanganye kwamba wanaonunua seti kubwa za makochi ndio maskini wa parokia. Maskini wa kweli miongoni mwetu wanajua kutunza kitanda kimoja kwa miaka thelathini. Sisi wengine tunahitaji kujifunza kwao.

Pingamizi la pili ni hili: "Basi tuache kabisa kununua miti ya asili." Wazo hili lina nia njema, lakini halitoshi. Msitu usiomletea mwanakijiji faida yoyote hugeuzwa mkaa, au hufyekwa kwa ajili ya shamba la ufuta. Tunao mfano mwema hapa hapa nchini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi na kuisimamia. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu, vikaihesabu miti yake, vikaweka mpango wa uvunaji. Mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, yaani cheti kinachothibitisha kwamba mbao zimevunwa bila kuuangamiza msitu na bila kuwadhulumu watu. Vilikuwa vya kwanza barani Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Pale mti unauzwa kwa bei inayoeleweka, na fedha inakwenda kwa kijiji. Mti wa namna hiyo ukinunuliwa, msitu unapata mtetezi.

Kwa hiyo kipimo chetu kina pande tatu. Upande wa msitu: je, mti huu utapata mrithi? Upande wa watu: je, waliokaa nao wamelipwa haki yao? Upande wa familia: je, kitu hiki kitatufaa na kudumu, bila kutudhuru afya wala kutuingiza katika deni? Samani ikishindwa upande mmoja, tusiisifu kwa ajili ya pande mbili zilizobaki.

III. TUTENDE

Sasa niseme mambo ya kutenda nyumbani.

1. Tuanze na kilichopo. Samani inayomhurumia msitu kuliko zote ni ile ambayo tayari tunayo. Kochi lenye mbao nzima na kitambaa kilichochakaa linahitaji kitambaa kipya tu. Kiti kilicholegea kinahitaji gundi na kibanio. Meza iliyochubuka inahitaji msasa na vanishi. Fedha hiyo inabaki mtaani kwetu, mikononi mwa fundi wetu. Kitanda cha bibi mkiona aibu kukirithi, basi mmeanza kuona aibu kitu chema.

2. Tuulize, tena tuulize kwa adabu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gogo lililovunwa kihalali hugongwa alama ya nyundo ya serikali, na mbao husafirishwa kwa hati maalumu. Alama hiyo hamtaiona kwenye kiti kilichokwisha kupigwa vanishi. Ndiyo maana mwulizeni fundi amenunua mbao wapi, na mwombeni awaonyeshe stakabadhi ya duka la mbao. Wateja kumi wa parokia moja wakiuliza swali hilo hilo, fundi naye atamwuliza mwenye duka, na mwenye duka atamwuliza mwenye lori.

3. Tuchague mti kadiri ya kazi. Si kila stuli istahili mninga. Mtiki hupandwa katika mashamba ya serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro. Msindano wa Sao Hill, huko Mufindi, hukomaa kwa miongo miwili hivi, nao unatosha kabisa kwa rafu, kabati na kitanda cha mtoto. Mgrevilia hupandwa mashambani pamoja na kahawa. Mwembe na mfenesi uliozeeka, na mnazi uliokwisha kuzaa, hutoa mbao nzuri mkononi mwa fundi hodari. Mianzi hukua upesi kupita yote. Kitanda cha chuma hudumu, na kikivunjika huchomelewa. Mashamba ya miti nayo tuyaulize maswali, hasa juu ya ardhi na maji ya wanakijiji. Hata hivyo mti uliopandwa ili uvunwe unaupunguzia msitu wa asili mzigo.

4. Tulinde afya za watoto. Mbao za kuezekea zenye rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo inafaa darini. Msitengenezee meza ya chakula wala kitanda cha mtoto, na vipande vyake msivitumie kuwa kuni, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu. Bodi za MDF na nyingine za unga wa mbao hugandishwa kwa gundi ambayo mara nyingi ina kemikali ya fomaldehaidi, na kemikali hiyo huvuja polepole hewani. Mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliitaja kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Mwenye kabati jipya la namna hiyo na afungue madirisha, wala asiliweke katika chumba kidogo cha mtoto mchanga. Tena bodi hizo zikinyeshewa huvimba, na hazitengenezeki. Tuulize pia kama rangi haina madini ya risasi, kwa kuwa watoto hutafuna kila kitu.

5. Tudai kazi ya kudumu. Mbao mbichi hupinda na kupasuka. Mwambieni fundi atumie mbao zilizokauka, hata kama mtasubiri. Viungo vya kuchomekana hushinda misumari. Mito ya kochi iwe ya kuvuliwa ili kitambaa kiweze kufuliwa na kubadilishwa. Meza iliyochukua uhai wa mti wa miaka mia, nayo ikae miaka mia.

6. Tuache fahari ya deni. Nawaambia hasa vijana wanaojiandaa kwa ndoa. Nimefungisha ndoa, na baada ya mwaka nimeitwa kusuluhisha ugomvi ambao mzizi wake ulikuwa mkopo wa makochi. Anzeni na kitanda, meza, viti vinne na mkeka. Mkeka wa ukindu uliosukwa na mama zetu ni samani kamili, nao haukuangusha mti wowote.

IV. MAMBO YA NYUMBANI KWETU

Siwezi kumaliza bila kusema juu ya parokia yetu wenyewe. Mnajua kwamba kanisa jipya linakaribia kwisha. Kamati ya Fedha imeletewa makisio ya benchi za mninga, na bei yake ni nzuri. Ni nzuri mno. Nimeiomba kamati isitie sahihi mpaka muuzaji aonyeshe hati za mbao hizo. Akizionyesha, tutanunua kwa furaha. Asipozionyesha, tutatengeneza za mtiki au msindano, au tutasubiri. Yawezekana siku ya kutabaruku kanisa tukaketi kwenye viti vya kukodi mbele ya Baba Askofu. Wengine wataona aibu. Mimi nadhani aibu kubwa zaidi ni kusikiliza Injili tukiwa tumeketi juu ya kitu cha wizi.

Kuhusu ile meza yangu, bado ipo kule. Wapo walionishauri niiondoe. Niliona kuitupa kungekuwa kuuangamiza mti mara ya pili. Lakini katekisimu inatufundisha kwamba aliyepokea mali isiyo ya haki hapaswi kutubu kwa mdomo tu, anapaswa kurudisha. Nilikiri kosa langu mbele ya Halmashauri ya Walei. Kisha nikauliza bei halali ya mbao zile, nikatoa tofauti yake mfukoni mwangu, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji cha yule mzee. Ilitosha madawati matatu. Nilipompelekea mzee habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Ahsante, mwanangu. Visiki bado vipo." Alisema kweli. Madawati matatu hayarudishi msitu. Hata hivyo, watoto kadhaa leo wanaandika wakiwa wameketi vizuri, nami nimejifunza kuuliza kabla ya kulipa.

Ndugu zangu, tunaporudi nyumbani leo, kila mmoja na aketi kwenye kiti chake na kukitazama kana kwamba anakiona mara ya kwanza. Na Mungu, aliyeupanda mti wa kwanza, atujalie nyumba ambazo ndani yake hakuna kitu kinachomlilia mwenyewe. Amina.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Taja samani moja iliyo nyumbani mwako. Je, unajua mbao zake zimetoka wapi? Nani angeweza kukueleza?

2. Katika mtaa wetu, ni kitu gani kinachotufanya tununue samani zaidi ya mahitaji yetu?

3. Mafundi seremala wa jumuiya yetu wanapata shida gani katika kununua mbao halali? Tuwaalike watueleze, nasi tuwasikilize.

4. Je, jumuiya yetu iko tayari kusubiri benchi za kanisa mpaka hati zionekane? Tutoe maoni yetu kwa Halmashauri ya Walei.